Taa Ni ya Nani?

Kisiwani Pemba baiskeli si mchezo wa vijana wala si kitu cha anasa. Ndiyo iliyobeba magunia ya karafuu na mikungu ya ndizi, ndiyo iliyowapeleka wagonjwa hospitali na waalimu skuli, na mpaka leo, pamoja na wingi wa pikipiki, bado utaikuta imeegemezwa ukutani katika nyumba nyingi za shamba. Mimi mwenyewe nimeipanda kwa zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo nikianza kueleza habari za taa ya baiskeli, msomaji asidhani kwamba nimekosa mambo makubwa ya kuandika. Nimelichagua jambo dogo kwa sababu makosa yangu mengi nimeyafanya katika mambo madogo, na moja katika hayo limenikaa moyoni tangu mwaka 1984.

Swali lenyewe ni hili: mtu apandaye baiskeli usiku, akawasha taa, taa ile anaiwasha kwa ajili ya nani?

Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu swali hili katika somo la uraia, nao karibu wote wakijibu bila ya kufikiri: ili aione njia. Nilikuwa nikiwaambia kwamba jibu hilo ni nusu tu, kisha nikawaachia waitafute nusu ya pili. Sikuwaambia hata siku moja namna mwalimu wao alivyoipata.

Vijana wengi wa leo hawaijui dainamo. Ni kichupa cha chuma kinachofungwa kwenye uma wa baiskeli, na kichwani kina kijigurudumu kidogo. Ukikiachia, kijigurudumu hulala ubavuni mwa tairi na kuzunguka pamoja nalo. Ndani yake mna sumaku na waya uliosokotwa, na sumaku ikizunguka, umeme huzalika na taa ikawaka. Ni ufundi mzuri kwa maskini, kwani hauna betri wala mafuta. Lakini una mambo matatu yanayomchosha mwenyewe.

Kwanza, ukisimama, taa huzimika. Pili, umeme ule hautoki hewani, unatoka miguuni. Dainamo ya kawaida hutoa wati 3 tu, lakini nguvu nyingi hupotea kwa msuguano, na mpandaji hulipa zaidi ya mara mbili ya anachokipata. Katika njia ya tambarare hutalijali hilo. Pemba, lakini, ni nchi ya vilima na mabonde, unapanda hiki ukiteremkia kile, na kwenye kilima dainamo ni kama mtu aliyekushika shati kwa nyuma. Tatu, kijigurudumu kile hula ubavu wa tairi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mpira wa baiskeli ulikuwa adimu kama mchele, na aliyebahatika kuupata aliutunza kama mboni ya jicho.

Basi desturi yetu sote ilikuwa moja. Tukifika chini ya kilima, tukiinama na kuibandua dainamo isiguse tairi, tukapanda gizani. Tukifika juu, yule mwenye kujali aliirudisha. Wengi wetu hatukuirudisha, kwa sababu njia tuliijua.

Ramadhani ya mwaka 1984 iliingia mwezi wa Juni, masika yakiwa yamekwisha lakini hayajasahaulika. Mvua zilikuwa zimelichukua kalvati katika barabara ya kutoka Wete kuja kijijini kwetu, na kwa wiki kadhaa watu wote tulikuwa tukipita njia ya mguu iliyoteremka bondeni, ikakata kando ya mashamba ya mpunga na kupanda tena kurudi barabarani. Leo mafundi wa barabara wanaiita njia ya mchepuko, na wanaiwekea kibao. Wakati ule haikuwa na kibao wala jina. Upana wake ulimtosha mtu na baiskeli yake, na humo tulikutana sote: gari la ng'ombe, mwenye mzigo kichwani, mwenye baiskeli, mtoto na bibi kizee.

Nilikuwa mwalimu mkuu, kijana bado, mwenye sifa ya ukali na ya kuchunga wakati. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, mwezi ukichelewa kutoka, na giza la baina ya Magharibi na Isha lilikuwa zito. Nilikuwa nimefuturu kwa jamaa zangu mjini, nikiharakia kuwahi tarawehe msikiti wa kwetu. Katika kupanda kilima cha kwanza niliibandua dainamo. Nilipofika juu nikakumbuka kwamba sikuirudisha, na nakumbuka vilevile kwamba nilikumbuka. Nilijiambia: bonde hili nalijua kama kiganja changu, na mpira bado mpya. Nikateremka.

Baiskeli inayoteremka haina sauti. Dainamo inapogusa tairi huvuma, na watu wa shamba wakiujua mvumo ule, wakisogea kando hata kabla ya kuiona taa. Usiku ule hapakuwa na mvumo wala taa. Pale chini, penye kona ya mpunga, nilimgonga mtoto wa miaka tisa, mwanafunzi wangu, aliyetumwa na mama yake kumpelekea bibi yake bakuli la futari. Bakuli lilivunjika, na mkono wake ukavunjika.

Sitaeleza zaidi juu ya usiku ule. Nilimbeba, nikampeleka kwao, tukapata gari na kumfikisha hospitali, mkono ukafungwa plasta, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu ukaunga. Ninachotaka kueleza ni yaliyosemwa baadaye, kwani hayo ndiyo yaliyonisumbua kuliko mkono wenyewe.

Siku ya pili nilikwenda kwa wazee wa mtoto kuwapa pole. Nilikuwa nimejitayarisha kulaumiwa. Baba yake alinipokea kwa heshima zote, akanitandikia mkeka, na kabla sijasema neno akaniambia, "Mwalimu, usijitie unyonge. Ajali haina kinga. Ni kudra yake Mola. Na huyu naye, watoto wa siku hizi hawatazami wanakokwenda." Kisha akamwita mtoto, akaja na mkono wake umefungwa shingoni, akaambiwa, "Muombe radhi Mwalimu." Mtoto akaniomba radhi.

Nami nikampa. Hilo ndilo kosa langu, msomaji. Nilimwekea mkono kichwani, nikasema, "Haya mwanangu, siku nyengine uangalie," nikainuka nikaenda zangu. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na taa. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu nilikuwa mwalimu mkuu, na watu wa kwetu wana adabu.

Kwa miaka mingi nimelizingatia lile neno "ajali haina kinga". Ni methali tunayoitamka kila tunapokwenda kutoa pole, na ina kazi yake njema: humfariji aliyefikwa, humzuia mwenye hasira kulipiza, huwarudisha majirani katika ujirani wao. Lile neno ajali lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na asili yake ni muda uliokadiriwa, yaani ile siku ambayo mja haivuki. Kwa hiyo tunaposema kwamba mtu amepata ajali, ndani ya neno hilo tayari tumekwisha kusema kwamba jambo lilipangwa mahali pengine.

Mimi ni Muislamu na naiamini kudra. Lakini dini hiyohiyo inayotufundisha kudra imetufundisha pia habari ya bedui aliyeulizia juu ya ngamia wake, akaambiwa amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Mungu. Imetufundisha kwamba kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni sehemu ya imani. Mwiba huondolewa njiani, na jiwe huondolewa. Usiku ule mimi ndiye niliyekuwa jiwe, tena jiwe linalokwenda mbio, na uwezo wa kuliondoa ulikuwa mkononi mwangu: kuinama kidogo na kuirudisha dainamo mahali pake.

Nadhani tofauti iko hapa. Aliyefikwa na msiba ana haki ya kusema kwamba ni kudra. Baba yake mtoto aliposema vile alikuwa akifanya wema, alikuwa akiniachia haki yake. Aliyesababisha hana haki ya kuitumia kauli hiyohiyo. Kinywani mwa yule ni subira, na kinywani mwangu ni kukimbia deni. Mimi sikuitamka, ni kweli, lakini niliiacha inifanyie kazi, na kunyamaza kwangu kulikuwa kama kuitamka. Vibaya zaidi, deni lile halikupotea hewani. Lilipoondoka juu yangu lilikwenda kumkalia mtoto wa miaka tisa.

Narudi kwenye swali la taa. Nilipokuwa nikisoma vitabu vya habari za usafiri nilikuta mabishano ya Waingereza yaliyonifundisha mengi. Huko kuna chama cha wapanda baiskeli kilichoanzishwa mwaka 1878, ambacho wakati wa mabishano hayo kikiitwa Cyclists' Touring Club. Katika miaka ya 1920 na 1930 magari yalipokuwa yakizidi, ilitakiwa kila baiskeli iwe na taa nyekundu nyuma, na chama kile kikapinga. Msomaji atashangaa: vipi wapanda baiskeli wakatae taa ya kuwalinda wenyewe? Hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema kwamba anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kukiona kilicho mbele yake, na aendeshe kwa mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya urefu wa mwanga wake. Ukimtwika wa mbele mzigo wa kuonekana, basi siku atakapogongwa hataulizwa aliyegonga alikuwa akitazama wapi. Ataulizwa aliyegongwa, taa yako iko wapi? Ilipokuja Vita Kuu ya Pili ya Dunia na miji ikazimwa taa kwa kuogopa mabomu, taa ya nyuma ikawa lazima, na baada ya vita sharti hilo likabaki.

Nimelipima jambo hili kwa upande wangu na kwa upande wa mtoto. Naona wale wapanda baiskeli walikuwa na haki katika hofu yao, ila hawakuwa na haki katika uamuzi wao. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na kijijini kwetu niliiona kwa macho yangu: mwenye nguvu aligonga, na mnyonge akaulizwa kwa nini hakutazama. Lakini katika giza hakuna awezaye kuuona wajibu wake asipoonyeshwa. Dereva mwenye nia njema kabisa hawezi kumkwepa mtu asiyejua kwamba yupo. Mwenye baiskeli anapotia taa nyuma, au walau kile kioo chekundu cha kuakisi mwanga, anampa dereva nafasi ya kutenda wema. Kumnyima mtu nafasi hiyo, kisha ukamlaumu, si uadilifu.

Basi kila mmoja ana wajibu wa kuonekana, lakini wajibu haugawanywi sawasawa. Hupimwa kwa madhara ambayo mtu anaweza kumfanyia mwenziwe. Mwenye gari anadaiwa zaidi kuliko mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli zaidi kuliko mwenye miguu. Waingereza haohao waliliandika jambo hili katika kanuni zao za barabara mwaka 2022, kwamba awezaye kudhuru zaidi ndiye mwenye jukumu kubwa zaidi la kuipunguza hatari. Sisi tulikuwa nalo zamani bila ya kuliandika. Tulipokuwa vijana tulifundishwa kwamba ukiwa juu ya baiskeli ukamkuta mtu mzima njiani, ushuke, uamkie, upite naye kwa miguu, kisha upande tena. Tulidhani ni heshima tu. Kumbe ilikuwa pia ni usalama: mwenye kasi aliiacha kasi yake alipomkaribia asiye nayo.

Mtoto wa miaka tisa, mwenye bakuli mikononi, alikuwa akidaiwa nini? Koroboi angeishika kwa mkono gani, na upepo wa bondeni ungeiachaje? Deni lote lilikuwa langu. Mimi nilidhani taa ni ya macho yangu, na kwa kuwa macho yangu hayakuihitaji, nikaiona ni hasara ya miguu na mpira. Sikufahamu kwamba zile wati 3 hazikuwa mali yangu. Zilikuwa haki ya yeyote aliyekuwako mbele, nami ni mchukuzi tu. Miguu yangu ndiyo iliyotakiwa ilipe, na mtu mwengine ndiye aliyestahili kufaidika, na pengine asijue hata nani aliyemlipia.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mwaka 2010 umeme uliletwa Pemba kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, barabara nyingi zimetiwa lami, na taa za baiskeli za kuchaji kwa umeme au kwa jua zinauzwa madukani. Uhaba tulioutolea udhuru haupo tena. Hata hivyo sioni kwamba jibu la swali langu limebadilika katika vichwa vya watu. Bado nakutana na baiskeli zisizo na taa, wenyewe wakisema kwamba barabara inaonekana. Na nakutana na kosa la pili lililo ndugu wa la kwanza: pikipiki na gari zenye taa nyeupe kali, zinazokuja zikikumulika machoni bila ya kupunguza, mpaka unasimama kando ya barabara, huoni shimo wala mtaro. Yule asiyewasha na huyu asiyepunguza wamekosea mahali pamoja. Kila mmoja ameitia taa hesabuni mwake peke yake: wa kwanza anasema mimi naona, sina haja nayo, na wa pili anasema mimi sijaona vya kutosha, niiongeze. Mwenziwe anayetoka mbele hayumo katika hesabu zote mbili.

Na mahali pa kuwajua watu ni mchepuko. Katika barabara kuu kila mtu ana upande wake, na sheria humkumbusha. Barabara inapokatwa kwa matengenezo, tukatupwa sote katika njia moja nyembamba ya vumbi na kokoto, hapo hakuna mstari wala polisi, na kila mtu hubaki na alichonacho moyoni. Hapo ndipo anayejua njia huwa hatari kuliko mgeni. Mgeni huenda polepole kwa kuwa haijui. Mwenyeji huijua njia ya jana, na hudhani kwamba ameijua njia ya leo pamoja na watu wake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021 duniani kote, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wenye pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Nikiisoma hesabu hiyo siioni kuwa ya mbali. Naliona lile bonde la mpunga, na bakuli.

Miaka michache baada ya kustaafu nilimwendea yule mtoto. Sasa ni baba wa watoto, ana duka lake dogo. Baada ya kuamkiana nikamwambia kwamba nimekuja kwa jambo la mwaka 1984. Nikamweleza kwamba sikuwa na taa, kwamba taa nilikuwa nayo na niliizima kwa makusudi, na kwamba kosa lilikuwa langu lote, hakuna lake hata chembe. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza kidogo, akaupanga upya mzani wake juu ya meza. Kisha akasema, "Mwalimu, mkono nilishausahau. Wala hauniumi. Lakini lile la kuambiwa nikuombe radhi, lile sijalisahau. Nilikuwa nikijiuliza, nilikosa nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Alinisamehe, akanichemshia chai, tukazungumza habari za karafuu mpaka jua likapunga. Nilipokuwa nikiondoka akaitazama baiskeli yangu, akaniuliza kama taa inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Akaniambia, "Iwashe nione."

Baiskeli ile ninayo mpaka leo, na dainamo yake ni ileile ya zamani. Vilima siviwezi tena, nashuka na kuikokota, na kwa kuwa dainamo huzimika kwa mwendo wa mtu wa miguu, nachukua kurunzi na kuielekeza nyuma, chini, isimpige mtu machoni. Wajukuu zangu hunicheka, wakaniuliza ninamulika nini huko nyuma na mimi ninakwenda mbele.

Huwaambia kwamba simuliki kitu. Nangoja nionekane.